Slab Ijumaa, harusi Jumamosi (Mombasa): kelele mwisho saa ngapi, na kibali kinatoka wapi?

Msimamizi_Tudor

Salaam wanajukwaa. Nasimamia kiwanja kimoja huku Tudor. Nusu yake jengo linapanda, nusu ni bustani ya kukodisha kwa sherehe. Wiki moja nina kazi mbili:

Ijumaa ni slab ya ghorofa ya tatu, mita za mraba 200, unene sm 15. Pamoja na boriti ni kama kyubiki 40 za konkriti. Kiwanda kimenipa nafasi ya saa 8 mchana, baada ya swala. Kutakuwa na pampu, malori ya mikisa, poka mbili (za kutetemesha konkriti) na jenereta ya wazi.

Jumamosi kwenye bustani kuna harusi ya watu 300. DJ analeta spika nne za juu na besi nne, na jenereta ya kVA 60 yenye kava. Wenyewe wanataka mpaka saa 6 usiku.

Mashariki kuna fleti za ghorofa nne, mita 35. Kuna zahanati ya kibinafsi yenye vitanda vya kulaza wagonjwa, mita 90 kutoka kiwanjani.

Nataka kujua: sheria inasema kelele mwisho saa ngapi kwa kila kazi, kibali naombea ofisi gani, na nifanye nini ili jirani asiwe na la kulalamikia. Programu ya simu inasoma desibeli 58 nikisimama getini bila kazi yoyote kuendelea. Hiyo 58 ina maana gani?

---

BandariKuu

Usijisumbue. Peleka barua kituo cha polisi, mwarifu chifu, basi. Kelele mwisho saa 4 usiku, kila mtu anajua.

---

Bi_Vipimo

BandariKuu, saa 4 usiku ni ya kanuni za Uganda za 2003, si za kwetu. Na ile barua ya polisi ni taarifa ya mkutano wa hadhara chini ya Sheria ya Utulivu wa Umma. Hutolewa si chini ya siku 3 na si zaidi ya siku 14 kabla ya mkutano. Haimpi mtu ruhusa ya kupitisha kiwango cha kelele. Wengi huishika hiyo barua mkononi wakidhani ndiyo kibali, kisha hushangaa mitambo ikizimwa.

Kenya tunatumia Kanuni za Kudhibiti Kelele na Mitetemo za 2009, Ilani ya Kisheria Na. 61, zilizo chini ya sheria ya mazingira, EMCA. Ndani yake kuna saa mbili tofauti, na hapo ndipo watu huchanganyikiwa.

Jedwali la kwanza ni la kelele ya kawaida, pamoja na muziki. Mchana wake unaanza saa 12 na dakika 1 asubuhi na kuisha saa 2 usiku. Baada ya hapo ni usiku mpaka saa 12 asubuhi. Viwango vyake, kwa desibeli A (zinazopimwa karibu na jinsi sikio linavyosikia):

makazi, ukipimia nje: 50 mchana, 35 usiku
makazi, ndani ya nyumba: 45 mchana, 35 usiku
makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani: 55 mchana, 35 usiku
eneo la biashara: 60 mchana, 35 usiku
eneo la kimya na nyumba za ibada: 40 mchana, 35 usiku

Jedwali la pili ni la ujenzi peke yake. Mchana wake unaisha saa 12 jioni, si saa 2. Karibu na makazi, vituo vya afya na shule ni 60 mchana na 35 usiku. Penginepo ni 75 na 65. Na hupimwa kwa jirani anayeisikia kelele, si kando ya mashine. Kwa hiyo, Msimamizi, ukiniambia pampu inatoa desibeli ngapi bado hujajibu swali. Swali ni ngapi zinafika dirishani kwenye fleti.

Tena usidhani ukiwa chini ya namba umepona. Kanuni ya 3 inakataza kelele ya kuudhi kwa jumla, na inaruhusu kutazamwa saa yenyewe, umbali na makazi, kama ni ya kujirudia au ya mfululizo, kama imekuzwa kwa mitambo, na kama ingeweza kupunguzwa bila gharama kubwa. Hilo la mwisho ndilo linalowaangusha makontrakta wengi. Jenereta ya wazi iliyowekwa ukutani mwa jirani huku kuna nafasi upande wa pili haina utetezi hata kipimo kikiwa chini.

Kuhusu ofisi: Katiba, Nyongeza ya Nne, imewapa kaunti kazi ya kudhibiti kelele na kero za umma. Kwa hiyo anzia idara ya mazingira ya kaunti, na papo hapo pita ofisi ya kaunti ya NEMA, mamlaka ya kitaifa ya mazingira, kwa sababu jengo lako lina leseni ya tathmini ya athari kwa mazingira iliyotoka kwao. Itoe kwenye faili uisome masharti. Mara nyingi saa za kazi zimeandikwa mle, na zikiwa finyu kuliko jedwali, hizo finyu ndizo zitakazokubana.

Leseni ya kupitisha kiwango haizidi siku 7. Omba mbili, moja ya slab na moja ya harusi, hata kama zote ziko ndani ya wiki moja. Chanzo ni tofauti, saa ni tofauti, na moja ikisimamishwa usitake ya pili ife nayo. Kwenye ombi ambatisha mchoro wa kiwanja unaoonyesha mahali pa kila mashine na umbali wa kila jirani kwa mita, orodha ya mitambo, saa ya kuanza na saa ya kumaliza, na jina la mtu mmoja atakayepokea simu usiku huo. Ombi lisilo na mchoro hurudishwa, au hukaa mezani mpaka sherehe imepita.

Kazi ya dharura ya lazima imeachwa nje ya katazo la ujenzi wa usiku. Bomba kuu likipasuka usiku, chimba. Slab iliyochelewa si dharura.

---

FomeniKisauni

Bi Vipimo ameshalimaliza la sheria. Mimi niingie kwenye slab, maana ratiba hiyo ya saa 8 mchana haifai kabisa.

Piga hesabu. Kyubiki 40, lori la kyubiki 7, ni malori 6. Kila lori, kujipanga na kumwaga, ni dakika 30 mpaka 40. Saa 4 za pampu kama hakuna aliyechelewa. Ukianza saa 8 unamaliza saa 12 jioni kamili, na mchana wa ujenzi umeisha dakika hiyo. Lori moja likikwama Makupa, uko usiku, na konkriti haisubiri. Ukisimama katikati, ile ya mwanzo inaanza kushika na unaacha mshono dhaifu kwenye slab. Kwa hiyo hutasimama, utaendelea, na hapo umevunja kiwango kwa makusudi.

Lakini kumwaga si ndiko kunakokuingiza usiku. Ni kulainisha. Ile mashine ya petroli ya kusugua slab haipandishwi mpaka mguu wa mtu uache alama ya milimita 3 mpaka 5 tu. Kwa joto letu ni kama saa 3 mpaka 4 baada ya kumwaga. Sehemu ya kwanza itakuwa tayari saa 12 jioni, ya mwisho saa 4 usiku. Injini ya petroli, ghorofa ya tatu, saa 4 usiku, usawa wa macho na vyumba vya kulala vya jirani.

Hamisha kazi iwe Alhamisi, lori la kwanza langoni saa 12 na nusu asubuhi. Saa 4 na nusu pampu inaoshwa. Kulainisha kunaisha kama saa 9 alasiri. Ijumaa mafundi wanaenda swala bila presha, na slab inaendelea kumwagiwa maji. Kiwanda kikikataa nafasi ya alfajiri, afadhali usubiri wiki.

Sasa desibeli. Idara ya barabara kuu ya Marekani ina jedwali la mashine za ujenzi zilizopimwa kwa futi 50, yaani mita 15: lori la mikisa 79, pampu ya konkriti 81, jenereta 81, nyundo ya hewa 89, na ile ya kupigilia nguzo 101. Hizo ni vilele. Lori huwa na kishindo kamili kama asilimia 40 ya muda, pampu 20, jenereta 50. Ukizipunguza kwa muda huo unapata 75, 74 na 78. Desibeli hazijumlishwi kama shilingi: hizo tatu pamoja ni 81 hivi, si 227.

Umbali ukiongezeka mara mbili unatoa 6. Kutoka mita 15 hadi 35 unapoteza 7. Fleti zinapata kama 73. Kiwango ni 60. Umezidi 13.

Cha kwanza, toa jenereta ya wazi. Ndiyo yenye kelele kuliko zote hapo, na ndiyo rahisi kuiondoa. Tumia umeme wa gridi kwa poka na taa, au kodi jenereta ya kava inayosoma 65 kwa mita 7. Kwa mita 15 hiyo ni 58, haionekani tena kwenye hesabu. Fleti zinashuka hadi 70.

Cha pili, pampu iende magharibi mwa jengo. Zile ghorofa zilizokwisha kupanda ndizo ukuta wako bora, na hazilipiwi. Kama njia ya lori hairuhusu, jenga kizuizi cha kukata 10, na fleti zinafika 60, hapo hapo kwenye mstari. Zahanati kwa mita 90, kwa hesabu hiyo hiyo, inapata kama 52.

Cha tatu ni vitu vidogo ambavyo havimo kwenye jedwali lakini ndivyo vinavyoamsha watu:

Poka ikigusa nondo au fomu hulia kama kengele jengo zima. Ichomekwe wima ndani ya konkriti, itolewe polepole, izimwe ikiwa hewani.

Nondo zikatwe siku moja kabla, mchana, au zije zimekatwa. Grainda asubuhi ya slab haina kazi.

King'ora cha kurudi nyuma cha lori usikizime, ni usalama wa watu. Panga malori yaingie lango moja na kutokea jingine yasihitaji kurudi nyuma. Lango likiwa moja, geuzia barabarani huku mtu mwenye bendera akiongoza.

Kuosha pampu: mwiko kugonga hopa kwa nyundo. Maji ya shinikizo yanatosha kama imeoshwa kabla konkriti haijakauka.

Na malori yasipange foleni chini ya madirisha ya fleti yakiwa yanaunguruma. Moja linamwaga, moja linasubiri, mengine yakae mbali yaitwe kwa simu.

---

Msimamizi_Tudor

Nashukuru sana. Kiwanda kimekubali Alhamisi alfajiri. Hicho kizuizi, si niweke mabati tu? Ninayo geji 30 ya uzio, urefu wa mita 2.4.

---

FomeniKisauni

Mabati ya geji 30 hayafiki kilo 3 kwa mita ya mraba. Sauti inapita, na mabati yenyewe yanatetemeka na kuongeza kelele yake. Kizuizi kinataka uzito wa kama kilo 10 kwa mita ya mraba. Plaiwudi ya mm 18 inafika hapo. Pigilia plaiwudi juu ya fremu ya uzio ule ule, upande wa mashine bandika godoro la pamba ya mwamba lenye wavu, na viungo vifunikane sm 10. Chini zungushia mifuko ya mchanga. Uwazi wa sm 5 chini unaiba nusu ya faida.

Kisha simama dirishani kwenye fleti uangalie. Ukiiona injini ya pampu kutoka pale, kizuizi hakifanyi kazi kwa dirisha lile. Ghorofa ya kwanza itapona, ya nne itakuona juu ya plaiwudi. Ndiyo maana nasema jengo lenyewe ni bora. Kama lazima pampu ikae mashariki, sogeza kizuizi kiwe karibu na mashine iwezekanavyo, mita 2 hivi, na kinyanyue mpaka mita 3.5 kikiwa na kipembe cha juu kinachoinama upande wa pampu. Kiegemeze vizuri kwa nguzo. Upepo wa kusi una nguvu, na plaiwudi pana ni tanga.

Jambo jingine, kama utachimba shimo la maji taka kwenye mwamba wa matumbawe: kanuni zina kiwango cha mtetemo, sm 0.5 kwa sekunde ukipita mpaka wa kiwanja. Kabla nyundo haijagusa mwamba piga picha nyufa zote za kuta za jirani, yeye mwenyewe akiwepo, na rula ndani ya picha. Bila picha hizo kila ufa wa miaka 20 utakuwa wako.

---

Fundi_Sauti_Nyali

Naingia upande wa harusi. Nianze na neno ambalo wenye sherehe hawapendi kulisikia: kibali si cha baada ya saa 2 usiku tu. Unakihitaji hata kwa muziki wa saa 11 jioni.

DJ wa kawaida nje anapiga 95 kwa mita 10. Fleti kwa mita 35 zinapata 84. Zahanati kwa mita 90 inapata 76. Kiwango cha mchana ni 50, au 55 eneo likihesabiwa la mchanganyiko. Hata kwa 55 umezidi 29 jua likiwa bado liko juu. Saa 2 na dakika 1 umezidi 49. Hakuna uzio wala pazia la kukata 49.

Tena 35 usiku ni namba ndogo kupita kiasi kwa mji. Jenereta yenu ya kava, ikiwa ni 68 kwa mita 7, inafika fleti ikiwa 54, kabla DJ hajaunganisha waya hata mmoja. Kwa maoni yangu jedwali la usiku liliandikwa bila kusikiliza barabara ya mji wowote. Lakini ndiyo sheria iliyopo, na ndiyo sababu leseni ya siku 7 ipo. Ombeni, na muombe saa mnayoweza kuitetea. Saa 6 usiku mita 90 kutoka kwa wagonjwa ni vigumu kuitetea. Saa 4, besi zikizimwa saa 3, ni ombi ambalo ofisa anaweza kulitia saini.

Mpangilio wa mitambo, kwa mfuatano:

Jukwaa liwe mashariki, karibu na fleti, spika zikitazama magharibi. Watu hufanya kinyume, wakidhani kusogea mbali ndiko kunasaidia. Sauti za kati na za juu hutoka mbele ya spika, mgongoni mwake hupungua 10 au zaidi. Ukizisogeza mita 20 huku zinatazama madirisha hujapata kitu.

Usitegemee spika nne za jukwaani zifunike watu 300. Ukitaka meza ya mwisho isikie, meza ya kwanza inaziba masikio, na jirani anapata yote. Kodi spika ndogo 8, zitundike mita 3 zikiinama chini kuelekea meza, kila moja ipige kidogo. Za safu za nyuma zicheleweshwe kwa millisekunde 3 hivi kwa kila mita ya umbali kutoka jukwaani, la sivyo maneno ya MC yanarudi mara mbili na ataomba aongezwe sauti. Wakati wa chakula shikeni 75. Wakati wa ngoma 85 penye dansi, kwa mita 5 kutoka spika. Hesabu: 85 kwa mita 5 ni 68 kwa mita 35, toa 10 ya mgongo, ni 58. Bado juu ya 55, lakini ukiweka hiyo kwenye ombi la kibali unazungumza kama mtu anayejua anachofanya.

Besi ni habari nyingine. Kwa 60 Hz na joto letu, wimbi moja lina urefu wa karibu mita 5.8. Ukuta wa mita 2 halijui kama upo, na mgongoni mwa spika hutoka sawasawa na mbele. Ukipunguza besi 4 kuwa 3 unaweza kuzipanga zifute sauti ya nyuma. Pandanisha tatu, ya katikati itazame nyuma. Hiyo ya katikati geuza polariti (chanya na hasi zibadilishane), na uicheleweshe kwa muda wa sauti kusafiri kina cha kasha: kasha la sm 90 ni millisekunde 2.6. Nyuma, yaani upande wa fleti, besi inaweza kushuka 10. Inaharibika kwa sababu tatu: kasha moja ni la aina nyingine, ukuta uko chini ya sm 60 nyuma ya rundo, au DJ anasahau kugeuza polariti, na hapo umeifuta sauti ya mbele na kuwapelekea jirani ya nyuma. Tembea hadi fleti usikilize kabla wageni hawajafika. Kata kila kitu kilicho chini ya 45 Hz. Hakuna atakayegundua kwenye dansi, ila madirisha ya jirani yataacha kutetemeka.

Limita, yaani kizuizi cha sauti isipite kiwango, iwekwe kwenye prosesa ya mwisho kabla ya amplifaya, ifungwe kwa nywila, na nywila iwe kwako Msimamizi, si kwa DJ. Limita ya kwenye mikisa ya DJ ni pambo tu. Na maikrofoni zote zipitie limita hiyo hiyo. Kinachoruka kuliko vyote harusini ni vigelegele vya akina mama mbele ya maikrofoni ya MC, wala si muziki.

Adhana ya Isha ikiingia, nyamaza. Si suala la desibeli, ni heshima ya mtaa, na ukiisahau malalamiko hayatakwenda ofisi ya mazingira, yatakuja getini.

Kisha kuna lile ambalo hakuna anayeliandika kwenye ratiba: kufungua jukwaa. Muziki unazimwa saa 4, vijana wanaanza kutupa mabomba ya chuma ndani ya lori saa 6 usiku. Andika kwenye mkataba kwamba vyuma vinabaki mpaka saa 2 asubuhi.

---

BandariKuu

Nimekosea hapo juu, nakubali. Lakini hiyo 58 ya getini bila kazi: si ina maana mtaa wenyewe umeshavunja sheria?

---

Bi_Vipimo

Mtaa kuwa na kelele hakukupi ruhusa ya kuongeza yako. Lakini hiyo 58 huenda si 58. Simu hurekebisha sauti yenyewe, maikrofoni yake imetengenezwa kwa maongezi, na hukata sauti nzito, yaani ile besi yenyewe mnayobishania. Itumie kulinganisha mahali na mahali kwa simu ile ile. Usiiandike kwenye barua.

Kipimo cha kweli: kodi mita ya sauti ya daraja la 2 au la 1 (la 1 ndilo bora), kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 61672, pamoja na kipima chake cha kuihakiki, cha desibeli 94 kwa 1 kHz. Kila kipindi unaangalia kwa kipima kabla na baada. Tofauti ikizidi 0.5, tupa vipimo vya katikati. Mita iwe juu ya miguu mitatu, mita 1.2 mpaka 1.5 kutoka chini, mita 3.5 kutoka ukuta wowote, na sifongo ya upepo. Kusi ikivuma kwa zaidi ya mita 5 kwa sekunde, subiri. Weka A, mwitikio wa haraka, na rekodi Leq (wastani wa sauti) ya dakika 15, si namba inayorukaruka kwenye kioo. Soma na C pia, mpangilio usiopunguza sauti nzito: C ikiizidi A kwa 15 au zaidi, tatizo lako ni besi, na kushusha sauti kwa jumla hakutawaridhisha fleti.

Pima mara mbili mahali pale pale, kazi ikiendelea na kazi ikiwa imesimama. Tofauti ikiwa 10 au zaidi, usirekebishe. Ikiwa chini, toa kelele ya mtaa. Mfano, 58 kukiwa na kazi na 52 bila kazi: kelele yako mwenyewe ni 56.7. Tofauti ikiwa chini ya 3, huwezi kusema chochote, rudi saa mtaa umetulia.

Alhamisi kuna faida moja. Kiwango cha ujenzi ni wastani wa kipindi, si kilele. Saa 4 za 60 na saa 8 za 50 zinakupa wastani wa 56. Ila usiishi kwa hesabu hiyo. Ofisa akija saa 3 asubuhi atapima anachokisikia saa 3 asubuhi, kisha atakurudisha kwenye kanuni ya 3.

Kipimo cha kazi ikiwa imesimama kifanye Jumanne na Jumatano, saa 1 asubuhi kwa ajili ya slab, saa 3 usiku kwa ajili ya harusi, langoni kwa fleti na langoni kwa zahanati. Ndizo karatasi za kuambatisha. Zahanati waulize zamu za usiku ni nani, na madirisha ya wodi yanatazama wapi. Yakitazama kwako, waombe wagonjwa wahamishiwe vyumba vya upande mwingine kwa usiku mmoja, na barua yao ya kukubali uiweke kwenye ombi.

---

Msimamizi_Tudor

Nimeelewa. Slab Alhamisi saa 12 na nusu asubuhi, pampu magharibi, jenereta ya wazi hapana. Harusi naombea mpaka saa 4, besi mwisho saa 3. Mwenye harusi anauliza kama anaweza kuhamia ukumbi wa ndani saa 3 aendelee na muziki huko. Ukumbi una madirisha ya vioo vya kuteleza, paa la mabati.

---

Fundi_Sauti_Nyali

Kwa paa la mabati na vioo vya kuteleza utakata kama 15, pengine hata hazifiki, na milango itafunguliwa kila dakika kwa sababu ya joto. 85 ndani itatoka 70 nje. Spika mbili ndogo bila besi, 70 ndani, milango ya upande wa magharibi peke yake iwe wazi, feni zote ziwake. Hiyo ni taarabu ya kukaa, si ya kucheza. Mwambie mapema kabla hajalipa DJ wa saa 6.

---

Bi_Vipimo

Na uutaje huo ukumbi kwenye ombi lile lile la kibali, pamoja na saa yake. Kibali kilichoandikwa "bustani" hakiufuati muziki ndani. Tangazo kwa majirani libandikwe kwenye ngazi za fleti siku 3 kabla, likiwa na saa ya mwisho na namba ya simu ya mtu ambaye hatakuwa akicheza usiku huo.